Mama, Mpeleke Binti Akasomee Chipu



Jumapili iliyopita baada ya ibada ya pili, mama mmoja alinivuta kando. Binti yake amepata nafasi ya kusomea elektroniki chuoni. Karo ameanza kuitafuta, lakini wiki hiyohiyo kwenye kundi la maombi la WhatsApp akapokea sauti ya mtu akisema kwamba chipu ndogo zinazotengenezwa siku hizi ndizo ile chapa ya Ufunuo 13, na kijana anayezisomea anamfanyia mnyama kazi. Akaniuliza, "Mchungaji, nimpeleke au nimzuie?"

Nilimwambia ampeleke. Nataka nikueleze na wewe kwa nini, maana sauti ile imekufikia, na wengine wenu mmeisambaza kabla hata hamjaisikiliza mpaka mwisho.

Tuanze na kitu chenyewe. Simu unayosomea ujumbe huu ina chipu ndani yake, kipande cha silikoni kama ukucha kwa ukubwa, na juu yake kuna swichi mabilioni zinazoitwa transista. Kazi ya kila moja ni kupitisha umeme au kuuzuia. Udogo wake hupimwa kwa nanomita: chukua milimita moja kwenye rula ya mtoto, uigawe vipande milioni moja, kimoja ndicho nanomita. Unywele wako una unene wa nanomita elfu themanini hivi. Sehemu za transista za leo ni makumi tu ya nanomita, na nyingine hazifiki hata hapo. Mimi nikisoma hayo namsifu Muumba aliyeziweka kanuni za vitu vidogo namna hiyo, halafu akampa mwanadamu akili ya kuzigundua.

Na hii akili mnemba, mnayoiita AI? Mwaka 2024 Tuzo ya Nobel ya fizikia walipewa John Hopfield na Geoffrey Hinton, kwa kazi iliyoweka msingi wa mashine kujifunza. Ukitaka kuelewa, nenda Msambweni asubuhi wavuvi wakishusha samaki. Mtoto wa mvuvi hakufundishwa kwa kitabu kutofautisha tafi na changu. Alionyeshwa, akakosea, akasahihishwa, mpaka jicho likazoea. Mashine nayo huonyeshwa mifano mingi mno, na kila ikikosea, namba zilizo ndani yake husogezwa kidogo. Ni hesabu nyingi sana zinazopigwa kwa kasi sana. Hakuna roho inayoingia pale, wala hakuna ya kukemea.

Sisemi hakuna hatari. Hinton mwenyewe aliondoka Google mwaka 2023 ili aseme kwa uhuru kuhusu hatari za kitu alichosaidia kukijenga. Na hatari nyingine iko mlangoni kwetu: mashine hizi zinaweza kuiga sauti ya mtu kutokana na mahubiri machache tu yaliyowekwa mtandaoni. Ukisikia sauti yangu inakuomba utume sadaka ya dharura kwa namba usiyoijua, nipigie kwanza. Na wewe unayeiuliza mashine ikupe unabii wa ndoa yako, hilo tutalizungumza ofisini.

Lakini Ufunuo 13 isome yote, usikimbilie aya ya mwisho. Sura ile inauliza ni nani anaabudiwa. Zamani watu waliogopa mistari myeusi kwenye pakiti za sukari. Mwaka 2019 ikawa Huduma Namba. Mwaka 2021 ikawa chanjo, eti kuna chipu kwenye sindano. Kadi yako ya benki ina chipu, na ili isomeke bila kuchomekwa inahitaji waya wa antena uliozungushwa ndani ya kadi, tena nguvu ya umeme inaipata kwa mashine iliyo karibu yake. Mwenye kukuambia vyote hivyo vimepita kwenye tundu la sindano, muulize antena imekaa wapi.

Danieli alisomeshwa elimu ya Babeli na akafaulu kuliko wenzake, na wenzake watatu waliosoma naye ndio waliokataa kuisujudia sanamu. Kusoma hakukuwapigisha magoti. Tena Kutoka 31 inamtaja Bezaleli, mtu aliyejazwa Roho wa Mungu kwa ajili ya kufua metali, kuchonga vito na kufanya kazi za mbao. Fundi! Wapentekoste tunapenda kujazwa, ila huyu huwa tunamruka.

Sasa hapa ndipo panaponiuma. Kule upande wa Lungalunga kuna kilima cha Mrima. Chini yake kuna niobiamu na madini adimu. Baadhi ya madini adimu ndiyo yanayotengeneza sumaku ndogo za spika za simu. Niobiamu ni miongoni mwa metali zinazotumika kwenye sakiti za kompyuta za kwanta, fani ya kina John Clarke, Michel Devoret na John Martinis waliopewa Nobel ya fizikia mwaka 2025. Mwaka 2013 serikali ilifuta leseni ya kampuni iliyotaka kuchimba Mrima. Kampuni ikashtaki nje ya nchi, na mwaka 2018 dai lake likatupwa. Watakuja wengine. Wakija, nani kati yetu ataweza kusoma ripoti yao na kujua lipi limefichwa?

Tuliona malori ya titani. Tangu 2014 hadi mwisho wa 2024 mchanga wa Kwale ulipakiwa melini Likoni, na watu wengi wa hapa hawawezi kukueleza hata ulikwenda kutengenezwa nini. (Mwingi ni rangi nyeupe, ile ya kupaka nyumba.) Nyeri, kwenye Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, kuna kiwanda cha chipu, Wakenya wako ndani wanafanya kazi. Mtoto wa Ukunda au Kinango tunamzuia kwa sababu ya sauti ya mtu asiyetaja hata jina lake?

Ijumaa kwenye kesha, kabla ya maombi, mwalimu wetu wa fizikia atafungua simu mbovu mbele ya vijana. Wa kidato cha tatu na cha nne waje saa mbili usiku. Karo ya binti yule bado haijatimia, na bahasha yake iko kwa mzee wa kanisa.