"Feeble" si "dhaifu" kila mahali

Muhula uliopita, hapa Kampala, tulipewa zoezi la tafsiri. Sentensi zilikuwa nne, zote na kivumishi kimoja cha Kiingereza: "feeble". Moja ilihusu mzee, ya pili mwanga wa taa, ya tatu kisingizio, na ya nne ilitoka katika historia ya Marekani, ikimtaja mwanamke aliyeitwa "feeble-minded". Niliandika majibu manne tofauti. Nikapata alama moja, kwa sababu jibu lililotakiwa ni "dhaifu" mara nne.

Sidai alama. Ninachopinga ni mazoea ya kuamini kwamba neno moja la Kiingereza lina mwenzi mmoja wa Kiswahili.

Mzee yule amedhoofika kwa umri, hana kosa. Mwanga ni hafifu. Kisingizio hakina mashiko, na hapa Mwingereza hapimi nguvu tu, anabeza. Asili ya neno hili ni Kilatini, "flebilis", yaani wa kuliliwa, na liliingia Kiingereza kupitia Kifaransa cha kale. Machozi yalibaki njiani. Mara nyingi kilichofika ni dharau.

Dharau hiyo ikaingia hata katika sheria. Mwaka 1913 Uingereza ilitunga sheria iliyowagawa watu katika makundi manne ya upungufu wa akili, na kundi moja likapewa jina la "feeble-minded". Mwaka 1927 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kura 8 dhidi ya 1, iliruhusu jimbo la Virginia kumfunga kizazi Carrie Buck kwa kisingizio hicho hicho. Alikuwa amebakwa na kuzaa akiwa msichana. Shuleni alikuwa akifaulu kama wenzake.

Ndiyo maana niliandika "aliyeitwa punguani". Neno hilo ni kali, na nililichagua kwa makusudi, maana tusi lazima lisikike kuwa tusi. Na "aliyeitwa" linamwonyesha msomaji kwamba kuna mtu aliyembandika jina hilo. Ukiandika "mwenye akili dhaifu", umetia sahihi hukumu ile kana kwamba ni cheti cha daktari.

Wapo watakaosema kamusi ndiyo hakimu. Hapana. Kamusi ni shahidi: inatuletea maneno, nasi tunayapima kwa muktadha. Kiswahili kina dhaifu, hafifu, legevu, goigoi na nyonge, na hayalingani. Mwanafunzi goigoi analaumiwa kwa uvivu. Mnyonge ana mtu anayemnyonga. Ndiyo maana Azimio la Arusha la 1967 lilipozungumzia kuonewa lilitumia neno unyonge.

Wenzangu, wengi wetu hapa Uganda Kiswahili tumekikuta darasani, na neno moja la kukariri ni fimbo nyepesi ya kutembelea. Lakini tukiizoea, tutahitimu tukiwa wafasiri wasiotofautisha ugonjwa, uvivu na dhuluma. Nanyi walimu wetu, ninawaomba jambo moja: mwanafunzi akitoa jibu lisilo kwenye karatasi yenu, muulizeni sababu kwanza, kisha mkate alama. Hata wahenga walisema mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.