Siku ya Kliniki na Siku za Katikati



Mwezi huu tunaomba tuanzie mbali, huko Marekani, katika mchezo wa besiboli ambao wengi wetu hatujawahi kuuona. Humo yumo mchezaji anayesimama juu ya kilima kidogo cha udongo na kumrushia mpira mdogo, mgumu, mpinzani mwenye rungu aliye umbali wa mita 18 hivi. Hurusha kwa nguvu zake zote, mara nyingi mno katika mchezo mmoja. Bega na kiwiko huteseka, na wengi huiacha kazi hiyo kabla ya kufikisha miaka 40.

Nolan Ryan, aliyezaliwa Texas mwaka 1947, alidumu misimu 27. Alianza mwaka 1966, akastaafu mwaka 1993 akiwa na miaka 46. Wapigaji 5,714 walishindwa na mirusho yake wakatolewa, na hakuna mrushaji mwingine aliyefikia hesabu hiyo. Watu walisema, "Ana kipaji." Hatukatai. Lakini wahenga walisema ukiona vyaelea, jua vimeundwa.

Ryan mwenyewe alieleza jinsi alivyojiunda. Mwaka 1972, alipohamia timu ya California Angels, alikuta chumba chenye mashine ya kunyanyua vyuma. Siku hizo warushaji walionywa wasiguse vyuma, kwa hofu kwamba misuli ingekakamaa. Yeye akaanza pole pole, akaona mkono unapona upesi baada ya mchezo, akaendelea. Mwaka 1991 yeye na mwalimu wake Tom House walitoa kitabu juu ya mazoezi, chakula na mapumziko ya mrushaji. Fundisho lake ni hili: mrushaji hupewa siku tatu au nne kati ya mchezo na mchezo, na siku hizo ndizo zinazoamua atakavyocheza.

Tazameni tarehe 1 Mei, 1991. Ryan alikuwa na miaka 44. Kabla ya mchezo alimlalamikia House kwamba mgongo unamuuma na anajisikia mzee. Wenzetu waliovuka hamsini wanamwelewa! Hata hivyo akaingia uwanjani, na Toronto Blue Jays hawakupata hata pigo moja safi mchezo mzima. Ilikuwa mara yake ya saba kufanya hivyo, na hakuna mwingine aliyefikisha saba. Wenzake wakamshangilia. Yeye akaenda kupanda baiskeli ya mazoezi, ile isiyotoka mahali pake, akaikanyaga. Matayarisho ya mchezo uliofuata yalikuwa yameanza.

Kwa nini tunayasimulia haya katika ukurasa wa afya? Kwa sababu wengi wetu tunajitayarisha kwa ajili ya siku ya mchezo tu. Sisi wauguzi tunawajua wagonjwa wetu wa kisukari. Siku mbili kabla ya kliniki, chai haina sukari na dawa zinamezwa kwa saa. Asubuhi tunapima, sukari imeshuka, sote tunatabasamu. Jioni soda inafunguliwa, na dawa zinarudi kabatini hadi tarehe nyingine. Kipo kipimo cha damu, HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu iliyopita, nacho hakidanganywi kwa siku mbili. Hata pasipo kipimo hicho, macho, figo na nyayo za miguu zinaweka hesabu yao.

Vivyo hivyo kwa presha. Mtu husema, "Najisikia vizuri, nimeacha dawa." Presha kubwa mara nyingi haiumi. Inaweza kukaa kimya miaka, kisha ikaangusha baba wa familia kwa kiharusi asubuhi moja.

Tusiwalaumu wagonjwa peke yao. Hata sisi, tukisikia wakaguzi wanakuja, wodi inang'aa ghafla. Lakini mtoto anayezaliwa usiku wa manane bila kupumua hangoji wakaguzi. Mfuko wa kumpumulishia usipokuwa umekaguliwa na kuwekwa tayari, dakika ile ya kwanza inapotea, na dakika hiyo ndiyo uhai wake.

Mtu atatuambia, "Huyo Ryan alilipwa dola milioni moja kwa mwaka tangu 1980, sisi tuna jembe." Ni kweli. Lakini fedha hazikumkanyagia baiskeli. Wala mengi tunayoyadai hapa hayahitaji fedha: kutembea, kupunguza chumvi, kukagua miguu kila jioni kama ina kidonda.

Tuseme wazi pia kwamba matayarisho si hirizi. Ryan alishindwa michezo 292. Mwaka 1993, huko Seattle, kano ya kiwiko ilikatika na hakucheza tena. Mwaka 2000, akiwa na miaka 53, alifanyiwa upasuaji wa mishipa ya moyo. Aliyejitunza naye huugua. Lakini mwili uliotunzwa una akiba ya kupigania.

Hivyo basi, tunaziomba familia mambo matatu:

1. Dawa za kila siku ziwekwe mahali pamoja, na mtu mmoja nyumbani, hata mtoto wa shule, atie alama kwenye kalenda kila zinapomezwa.

2. Dawa zikikaribia kwisha, au zikikusumbua, njoo kabla ya tarehe. Usingoje siku ya kliniki.

3. Ukipimwa na kukutwa salama, furahi, kisha kesho yake uendelee vile vile.

Mkija kliniki mwezi ujao, msituonyeshe siku mbili za mwisho. Tuonyesheni kalenda nzima, pamoja na siku mlizokosa. Hatutawagombeza, maana hapo ndipo tutakapoweza kusaidiana.