Bastola ya baba na vidole vya miaka 70

Chukua mfano wa baba aliyepata kibali cha bastola akiwa na miaka 45, enzi anafunga duka usiku na kurudi nyumbani na mauzo. Leo ana miaka 70. Vidole vimevimba, na hata chupa ya maji anafunguliwa na mjukuu. Bastola bado ipo kabatini. Je, anaimudu?

Ndugu msomaji, hilo ni swali la afya. Silaha inayomshinda mwenyewe haimlindi, na inaweza kumuumiza mtu wa nyumbani.

Tuanze na mikono. Bastola nyingi za magazini hukokiwa kwa kuvuta sehemu ya juu dhidi ya springi ngumu, na dole gumba lenye maumivu ya viungo hushindwa. Rivolva haihitaji kuvutwa hivyo, lakini kifyatulio chake mara nyingi ni kizito kwa kidole kinachouma. Mzee aijaribu ikiwa tupu, mbele ya mkufunzi, siku ambayo vidole vinamsumbua.

Wengi hudhani bastola ndogo na nyepesi ndiyo inayomfaa mzee. Ni kinyume. Kwa risasi ileile, nyepesi hurusha mkono zaidi, na ikiwa ndogo mno vidole havipati pa kushika. Watengenezaji wanalijua tatizo hili. Mwaka 2018 kampuni ya Smith & Wesson ya Marekani ilitoa M&P 380 Shield EZ, inayokokiwa kwa nguvu kidogo na yenye magazini rahisi kujaza.

Risasi nazo zina uzito wake. Rivolva ya .357 Magnum hupiga pia .38 Special, yenye mshtuko mdogo zaidi. Zenye alama ya +P zina msukumo mkubwa, hivyo mkono dhaifu uziepuke. Risasi laini inayofika ilipolengwa ni bora kuliko kali inayokwenda kwa jirani.

Macho yapimwe pia. Uzeeni vitu vya karibu hufifia, pamoja na kile kinundu cha kulengea kilicho mbele ya mtutu. Mwenye mtoto wa jicho atibiwe kwanza. Gizani, asiyeona vizuri anaweza kumpiga mwanawe aliyeamka kwenda msalani.

La mwisho ni akili. Mzee anayesahau majina ya wajukuu, anayetumia dawa za usingizi, au aliyezama kwenye huzuni baada ya kufiwa, asikae na silaha hata kama mikono ina nguvu. Nchini Marekani, zaidi ya nusu ya vifo vya risasi ni vya watu waliojiua.

Kama bado anaimudu, bastola ikae tupu kwenye sanduku la chuma lenye kufuli, risasi zifungiwe mahali pengine. Wajukuu hujua kabati lote la babu.

Kama haimudu, msimnyang'anye. Mpe shikamoo yake, keti naye faraghani, mwambie: "Baba, twende tukapime macho na mikono, kisha tuamue pamoja." Akikubali kuiachia, mwende polisi kwanza kuuliza utaratibu wa kuikabidhi. Usiibebe wewe; kibali kina jina lake, siyo lako.