Tusingoje Kliniki

Huku kwetu Kwamkoro, kwenye mashamba ya chai ya Amani, wengi wetu hatutangazi mimba changa. Mwezi wa kwanza tunanyamaza, wa pili tunanyamaza, na kliniki tunafika tumbo limekwisha kuonekana. Hapo ndipo tunapewa vidonge vya kuongeza damu, vyenye madini ya chuma na foliki asidi. Tuvimeze, kwani damu inavihitaji. Lakini kwa uti wa mgongo wa mtoto tumekwisha kuchelewa.

Mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo hujifunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa, wakati mama bado anadhani siku zake zimechelewa tu. Usipojifunga vizuri, mtoto aweza kuzaliwa na mgongo wazi, na mara nyingi maji hujaa kichwani. Foliki asidi hupunguza sana hatari hiyo, ingawa haiimalizi. Kwa hiyo mama aliyejifungua mtoto wa namna hii tusimnyoshee kidole. Si laana, na wapo waliomeza vidonge kwa uaminifu na bado wakampata.

Anayetarajia kushika mimba ameze mikrogramu 400 kila siku, yaani miligramu 0.4, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla hadi wiki ya 12 ya mimba. Siku unapokwenda zahanati kuacha uzazi wa mpango ndiyo siku nzuri ya kuviuliza. Dukani vipo pia vya miligramu 5, hivyo tusijinunulie. Daktari huweza kumwandikia dozi kubwa mama aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi, au anayetumia dawa za kifafa. Kwa wengine, dozi hiyo hudhoofisha vidonge vya SP tunavyopewa kliniki kuzuia malaria.

Je, chakula hakitoshi? Maharage, mchicha na mnavu vina foliki asidi, ila mboga ikichemshwa mno na maji yake kumwagwa, nyingi hupotea. Tangu mwaka 2011 kanuni zinavitaka viwanda vikubwa kuiongeza kwenye unga wa ngano na wa mahindi, lakini sisi mahindi yetu tunayasaga kwenye mashine ya kijijini, na humo haiongezwi.

Jambo moja tena, kwa sisi tunaoishi katikati ya majani ya chai: kidonge chenye madini ya chuma tukimeze kwa maji. Chai huyazuia madini yasiingie mwilini, basi na ingoje saa moja au mbili, hata kama imetoka shambani kwetu.