Buruse Si Mshahara

Jioni, tukiteremka kutoka Muhima kwenda Nyabugogo, huwaona vijana wenye masanduku wakingoja mabasi ya kwenda Huye. Huko, katika mji ulioitwa Butare zamani, ndiko kilikofunguliwa chuo kikuu cha kwanza cha nchi hii mwaka 1963. Mwaka 2013 kiliunganishwa na vyuo vingine vya serikali kuwa Chuo Kikuu cha Rwanda. Wengi wa vijana hao ni wa kwanza kwao kufika chuoni. Watu husema shida yao ni karo. Mimi sikubali kwamba hiyo ndiyo kubwa.

Kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, alipopata nafasi, jirani walikuja kutupongeza kana kwamba amepata kazi. Alikopeshwa karo na posho ya kila mwezi kwa njia ya Benki ya Maendeleo ya Rwanda, BRD, akatia sahihi kwamba atalipa. Lakini nyumbani hakuna aliyesema "mkopo". Wote walisema "buruse". Basi mwezi wa pili simu zikaanza: bati linavuja, mdogo wake hana madaftari. Akatuma. Mwezi wa nne alikuwa akila mara moja kwa siku, na darasani, ambako masomo ni kwa Kiingereza, akikaa nyuma bila kuuliza neno. Aliniambia, "Mdogo wangu, njaa naiweza. Haya ndiyo siiwezi."

Je, wazee wana kosa? Hapana. Baba mkubwa hakumaliza shule ya msingi, angejuaje? Tunaojua ni sisi tuliosoma, nasi twanyamaza, maana ni tamu kuitwa bwana mkubwa nyumbani. (Hata mimi naupenda utamu huo.)

Kwa hiyo nasema: kabla ya kupanda basi, kijana aketi na wazazi wake, awasomee mkataba ule kwa Kinyarwanda, neno kwa neno, mpaka pale penye kukatwa mshahara. Nanyi wanafunzi wa zamani, mkija kututembelea hutusimulia vyeo vyenu. Tusimulieni na muhula wenu wa kwanza.

Mimi nimekwisha kumweleza mama. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Na usipopata kazi, mwanangu, atalipa nani?" Sikuwa na jibu. Aliye nalo na aniandikie katika gazeti hili.