Plagini nne tu: blogu mpya haihitaji kikosi kizima

Nimenyamaza kwa muda, kazi ya watu ilinibana, lakini leo nimerudi na jambo ambalo nimeulizwa mara nyingi hadi nimeona heri niliandike mara moja, kisha niwe nawaelekeza watu hapa.

Swali lenyewe ni hili: nimenunua kikoa, nimelipia seva, nimeweka WordPress, sasa nianze na plagini zipi? Aliyeniuliza wiki hii aliambatisha na orodha aliyokuwa ameikusanya huku na kule mtandaoni. Zilikuwa 27. Blogu yenyewe bado haina hata makala moja!

Kwa wale wageni wa mambo haya, plagini (wengine huita programu-jalizi) ni kipande cha programu unachokiongeza kwenye WordPress ili ifanye jambo ambalo haikuja nalo. WordPress ilizaliwa mwaka 2003, na mwaka uliofuata, katika toleo la 1.2, ikafungua mlango wa plagini. Leo ghala lake rasmi lina zaidi ya 50,000, nyingi bila malipo. Raha iko hapo, na taabu pia iko hapo.

Maoni yangu nitayasema wazi: blogu mpya inahitaji plagini nne. Ya tano lazima ijieleze kwanza kabla haijapewa kiti.

Niliwahi kufikiri tofauti. Miaka kadhaa iliyopita nilimtengenezea blogu mwalimu mmoja mstaafu wa Taita. Mzee alikuwa akiandika habari za kijiji chao: nani alilima wapi, mto ulipita wapi kabla haujahama, majina ya wazee waliosahaulika. Makala zake zilikuwa nzuri, lakini uhondo ulikuwa kwenye maoni. Watoto wa kijiji hicho walio Mombasa, Nairobi na ng'ambo walikuwa wakiingia kumsahihisha, kumwongezea jina la nyanya yao, kubishana juu ya mwaka wa njaa fulani. Mimi, kwa kutaka kumfurahisha, nilimwekea plagini 31. Moja ilikuwa ya kuzungusha picha juu ya ukurasa. Aliyeitengeneza alikuwa ameacha kuishughulikia zamani, nami sikuangalia.

Mtu akapitia humo. Tuliamka asubuhi tukakuta blogu ya mwalimu inauza vidonge. Kampuni iliyotuhifadhia ikafuta akaunti nzima. Nilikuwa na plagini ya nakala za akiba, ndiyo, na ilikuwa ikifanya kazi kila wiki bila kukosa. Ila ilikuwa ikiziweka nakala hizo kwenye seva ileile! Zikaenda pamoja na nyumba.

Nilipompigia simu kumweleza, alinisikiliza hadi mwisho kisha akasema, "Sawa kijana, makala nitaandika tena, daftari ninazo. Na yale maneno ya watu je?"

Sikuwa na jibu. Kurasa chache nilizipata kwenye Wayback Machine, nyingine hazikuwahi kunakiliwa. Baadhi ya wazee walioandika pale walikuwa wameshafariki. Kwa hivyo nikisema nne, sisemi kwa maringo ya mtaalamu. Nasema kwa sababu lile kosa lilikuwa langu.

Haya, tuzipange.

1. Nakala za akiba. Hii ndiyo ya kwanza, kabla hujachagua hata rangi za blogu. Mimi hutumia UpdraftPlus, na toleo lake la bure linatosha. Inakuruhusu kupeleka nakala nje ya seva, kwa mfano Google Drive au Dropbox, na kupanga ratiba moja ya hifadhidata na nyingine ya mafaili. Hifadhidata ndiyo yenye makala na maoni, kwa hivyo iwe kila siku kama unaandika mara kwa mara. Picha na mafaili mengine, kila wiki yatosha.

Mambo mawili ambayo wengi hawaambiwi. Kwanza, WordPress haina saa yake yenyewe. Kazi iliyopangwa saa nane usiku hungoja mpaka mtu fulani afungue blogu ndipo ianze. Blogu changa isiyo na wageni inaweza kukaa bila nakala, nawe ukadhani mambo ni shwari. Pili, nakala ambayo hujaijaribu ni matumaini tu. Mara moja kwa mwezi ipakue, fungua faili la hifadhidata, utafute humo kichwa cha makala yako ya mwisho. Ukikiona, lala usingizi.

2. Kuzuia maoni taka. Blogu yako ikishajulikana na mitambo ya matangazo, utapata maoni ya viatu, kamari na mikopo kabla hujapata msomaji wa kweli. WordPress imekuwa ikija na Akismet kwa miaka mingi, na ni kali kweli. Lakini ujue mambo mawili: ni ya bure kwa blogu za kibinafsi zisizo za biashara tu, na hufanya kazi kwa kupeleka kila oni kwenye seva zake likachunguzwe. Oni lina jina la mtu, barua pepe yake na anwani ya IP. Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na hata kama blogu yako ni ndogo, ni adabu kujua habari za wageni wako zinakwenda wapi. Kwa blogu ndogo mimi huanza na Antispam Bee, ambayo ni ya bure, haidai kujiandikisha, na kazi yake kubwa huifanya papo hapo kwenye seva yako.

3. Keshi. Hapa nitatumia mfano wa kibanda. Kila msomaji akifungua ukurasa, WordPress huanza upya: huendesha PHP, huuliza hifadhidata maswali chungu nzima, hupanga ukurasa, ndipo humpa. Ni kama mama wa chapati anayekanda unga upya kwa kila mteja. Wateja kumi wakija pamoja, foleni inafika barabarani. Plagini ya keshi hupika mara moja, ikaweka kwenye hotpoti, na anayekuja anapewa ya moto bila kungoja. WP Super Cache ni rahisi kwa mgeni. Kama seva yako inatumia LiteSpeed (iulize kampuni yako), basi LiteSpeed Cache ndiyo inayofaa zaidi. Chagua moja. Mbili pamoja zitagombana.

Na hili si la madoido. Msomaji wetu wengi wao wako kwenye simu, wanahesabu bando. Ukurasa ukichelewa, huyo amekwenda zake.

4. Uthibitisho wa hatua mbili wakati wa kuingia. Plagini inaitwa Two Factor, na haina makeke. Ukishaandika nywila, inakuomba tarakimu zinazotolewa na programu kwenye simu yako. Tumia programu, usitegemee ujumbe wa SMS, kwani sote tunajua visa vya laini za simu kuhamishwa na matapeli. Itakupa pia namba za dharura. Zichapishe uziweke mahali unapoweka cheti chako cha kuzaliwa, maana simu huibwa.

Basi. Hizo ndizo nne.

Najua mtauliza, na zile nyingine? Nyingi kwenye orodha ya rafiki yangu zinafanya kazi ambayo WordPress yenyewe ilishajifunza. Ramani ya tovuti ya XML kwa ajili ya Google imo ndani tangu toleo la 5.5 la Agosti 2020. Toleo hilohilo lilileta kuchelewesha picha mpaka msomaji azifikie. Kupunguza picha kubwa mno kulikuja na 5.3 mwaka 2019. Orodha nyingi zinazozunguka ziliandikwa kabla ya hapo, na watu huzinakili tu bila kuangalia tarehe.

Plagini za SEO kama Yoast si mbaya. Lakini kwa blogu yenye makala tatu, kutazama taa ya kijani ikiwaka ni njia tamu ya kukwepa kuandika makala ya nne. Takwimu za wageni? Kama seva yako ina cPanel, huenda AWStats tayari imo na inahesabu bila wewe kuongeza chochote. Fomu ya mawasiliano? Andika anwani yako ya barua pepe kwa namna ambayo mitambo haitaisoma kirahisi, siku maombi yakizidi utaweka fomu.

Na Hello Dolly, ile inayokuonyesha mistari ya wimbo kwenye dashibodi, ifute tu.

Kwa nini naogopa wingi? Si idadi yenyewe. Kila plagini unayoiweka unaipa ufunguo wa nyumba nzima. Inaweza kusoma hifadhidata yote na kubadilisha ukurasa wowote. Unamwamini aliyeitengeneza leo, na pia yeyote atakayeinunua kesho. Mwaka 2017 plagini iitwayo Display Widgets, iliyokuwa kwenye tovuti kama 200,000, iliuzwa kwa mmiliki mpya. Mmiliki huyo akaingiza msimbo wa kuchapisha matangazo taka kwenye tovuti za watu kwa siri. Wenye tovuti hawakufanya kosa lolote, walibonyeza "sasisha" kama walivyofundishwa.

Kwa hivyo siku ukihitaji ya tano, na siku hiyo itafika, jiulize haya. Ilisasishwa lini mara ya mwisho? Ikiwa ni miaka miwili iliyopita, ipite. Watu wakiuliza maswali, mwenyewe anajibu? Inatatua tatizo ulilonalo leo, au unalolitarajia? Na usiweke kamwe zile plagini za kulipia zinazogawiwa bure kwenye vikundi vya WhatsApp na Telegram. Leseni ya GPL inaweza kuruhusu kunakili, sawa, lakini haikuambii nani amechomeka nini humo njiani.

Usiyoitumia, ifute kabisa. Kuizima hakutoshi, kwa sababu mafaili yake bado yako kwenye seva na mlango mbovu ni mlango hata ukiwa ndani ya stoo. Zile nne ziwekee kusasishwa zenyewe.

Wapo wenzangu wa kazi watakaosema nimekuwa mkali mno, kwamba blogu ni uwanja wa kuchezea na mtu hujifunza kwa kujaribu. Nakubali! Jaribuni hata mia. Lakini jaribieni kwenye tarakilishi yako nyumbani, au kwenye blogu ya majaribio isiyo na maneno ya mtu. Mgeni akishaacha oni la kwanza, pale si pako peke yako tena.

Mwalimu alianza upya, na blogu yake ya sasa ina plagini nne hizo. Nakala huenda kwenye akaunti yake mwenyewe, si yangu, na kila mwisho wa mwezi hunitumia ujumbe mfupi: "Nimeangalia, ipo." Yale maoni ya zamani hayajarudi na hayatarudi.

Nawe msomaji, kabla hujaniandikia kuuliza plagini ya kumi, nenda kwanza ukaangalie nakala yako ya mwisho iko wapi. Kama iko kwenye seva ileile, acha kusoma hapa, ihamishe sasa hivi.

Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda na stima zikiwepo.