Uvumilivu Haulipii Kamera

Kila mwandishi kijana wa huku mlimani amewahi kuambiwa maneno haya matatu: mvumilivu hula mbivu. Unaambiwa na shangazi kwenye ruracio. Unaambiwa na mwalimu wako wa zamani mkikutana steji ya Karatina. Na zaidi ya wote, unaambiwa na watu wenye pesa ambao hawataki kuzitoa. Ukisema una hadithi unayotaka iwe filamu, hakuna anayeuliza itagharimu ngapi. Wanauliza kama una subira. Ni sawa na kumwambia mkulima wa kahawa kule Tetu kwamba hahitaji mbolea, anahitaji tu moyo mgumu.

Mimi nasema hivi: waandishi wa Mlima Kenya hawajawahi kukosa uvumilivu. Kilichokosekana ni watu wa nyumbani wa kulipia hadithi za nyumbani, na ile methali imegeuzwa pazia la kuficha hilo.

Na tafadhali msiniambie huku si mahali pa filamu. Mwaka 1955 Mmarekani Robert Ruark alitoa riwaya kuhusu vita vya Mau Mau, Something of Value. Kufikia 1957 ilikuwa tayari ni filamu ya Hollywood, ndani yake wakiwa Rock Hudson na Sidney Poitier. Huo ndio mwaka Dedan Kimathi, mtoto wa Nyeri, aliponyongwa, tarehe 18 Februari. Miaka miwili tu kutoka kitabu hadi sinema. Ruark hakuambiwa avumilie.

Twende mbele. Born Free, ile filamu ya simba Elsa ya mwaka 1966, ilipigwa Naro Moru. Felice Benuzzi, Mwitaliano aliyekuwa mfungwa wa vita katika kambi ya Nanyuki, alitoroka mwaka 1943 na wenzake wawili wakapanda mlima, kisha wakarudi kambini wenyewe. Akaandika kitabu, na mwaka 1994 kikawa filamu, The Ascent. Elizabeth naye alipokea habari za kifo cha babake hapa Nyeri, Februari 1952, na dunia nzima ikaja kuyatazama hayo kwenye The Crown. Lakini zile sehemu za Kenya zilipigwa Afrika Kusini. Yaani tumefika mahali hata vichaka vyetu vinaigiziwa na vichaka vya wengine.

Sioni kosa lolote kwa hao waliosimulia. Mfungwa ana haki ya hadithi yake, na hata malkia. Ninachosema ni kwamba mlima umetoa hadithi zikawa filamu tena na tena, na mara nyingi aliyelipiwa alikuwa mgeni. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni amekuja na kamera, akaenda nayo. Mwenyeji bado anaugua.

Sasa chukua mwenyeji mmoja. Meja Mwangi, mzaliwa wa Nanyuki, 1948. Kama kuna mtu ambaye ile methali ingepaswa kumfanyia kazi, ni huyu. Kill Me Quick ilitoka 1973, na mwaka uliofuata ikampa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Mwaka huo huo wa 1974 akatoa Carcase for Hounds, riwaya ya msituni, kuhusu Jenerali Haraka na wapiganaji wake, na Kingsley, afisa Mwingereza anayewawinda. Ukiisoma unasikia mvua, njaa, matope, na ule uchovu wa watu ambao hawawezi kurudi nyumbani ingawa nyumbani kunaonekana kutoka kilimani. Ni kitabu kifupi kilichoandikwa kama mtu aliyeshika kamera tayari.

Ikawa filamu? Ndiyo. Mwaka 1981. Iliitwa Cry Freedom, na mwelekezi wake alikuwa Ola Balogun, Mnigeria. Ikabidi hadithi ya msitu wetu ichukuliwe na mtu wa Lagos. Heshima kwa Balogun, maana yeye angalau aliona. Lakini jaribu kuitafuta leo. Andika Cry Freedom kwenye simu yako, na utakayoletewa ni ile ya Richard Attenborough ya mwaka 1987, kuhusu Steve Biko. Filamu ya Jenerali Haraka imefunikwa hadi kwa jina.

Na Meja Mwangi mwenyewe, je? Usidhani alikuwa amekaa kando akisubiri. Alikuwa ndani ya tasnia. Alifanya kazi kwenye vikosi vya filamu kubwa kubwa za wageni: Out of Africa ya 1985, White Mischief ya 1987, Gorillas in the Mist ya 1988. Ile ya kwanza ilitwaa Oscar saba. Hebu tulia uione hiyo picha: mtu aliyeandika vita vya msitu wa Mlima Kenya anasaidia kutengeneza filamu ya kumbukumbu za Karen Blixen na shamba lake la kahawa. Ni kazi halali, na naamini aliifanya vizuri. Lakini inamaanisha hadithi alikuwa nayo, jina alikuwa nalo, na ujuzi wa seti alikuwa nao. Vyote vitatu, ambavyo sisi vijana tunaambiwa kila siku ndivyo tunavyokosa. Uvumilivu pia alikuwa nao, maana aliendelea kuandika kwa miongo. Kilichobaki ni kipi? Ni pesa ya nyumbani. Ni mtu wa hapa kusema: hii ni yetu, nitailipia.

Kwa hiyo mtu akiniambia "angalia wazee waliotangulia," namwambia nimewaangalia. Ndiyo maana nina hasira.

Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu karo ilipokataa kupatikana, na tangu hapo naishi kwa kuandikia watu: hotuba za harusi, maelezo ya bidhaa, tovuti za saluni. Usiku naandika vya kwangu. Nina skripti kuhusu mwanamke wa kijiji cha dharura karibu na Karatina, mwaka 1954, anayetakiwa kuchimba handaki la kumzuia mumewe asitoke msituni kuja kutafuta chakula. Kampuni moja ya Nairobi iliipenda. Iliniita mara nne, na mara nne nikajilipia nauli. Kila mara nilirudi na orodha ya mabadiliko. Wakataka rasimu ya tatu bila malipo, ati tunajenga pamoja. Nilipouliza habari ya mkataba, jamaa akacheka akasema vijana wa siku hizi hatuna subira.

Mnaona hilo neno linavyotumika? Hapo subira haikuwa fadhila. Ilikuwa mbinu ya kupata kazi ya miezi mitano bure.

Mahali penye tasnia inayojiheshimu, mambo huenda hivi. Mtayarishaji akipenda hadithi yako, anakulipa kwanza ada ya kuishikilia, tuseme mwaka mmoja au miwili, ili usimuuzie mwingine wakati yeye anatafuta pesa za filamu. Muda ukiisha bila filamu, hadithi inarudi kwako, na ile ada inabaki mfukoni mwako. Hakuna aliyedhulumiwa. Kusubiri kwenyewe kumelipiwa. Huku kwetu anayesubiri ndiye anayelipia.

Najua kuna msee tayari anaandika jibu: "Si una simu? Piga na simu." Sawa. Simu za leo zinapiga picha safi kuliko kamera nyingi za zamani. Lakini simu hailishi waigizaji kumi na wawili chakula cha mchana. Haishoni sare za walinzi wa mwaka 1954. Hailipi boda ya kumtoa mama wa miaka sitini Mukurwe-ini saa kumi na moja alfajiri. Kamera ndiyo sehemu iliyopata nafuu ya bei. Watu hawajapata nafuu, na filamu ni watu.

Mwingine atasema Riverwood waliweza. Kweli waliweza, na nawavulia kofia. Machang'i na Kihenjo walichekesha mlima mzima kwa Kikuyu, na diski zao zilichezwa kwenye mabasi ya Nyeri hadi abiria wakajua mistari kwa moyo. Walithibitisha kwamba watazamaji wapo na wako tayari kununua. Lakini nakala haramu zikaingia, diski yenyewe ikafa, na hakuna ofisi iliyosimama kusema soko hili tulilinde. Riverwood haikukosa uvumilivu. Iliachwa peke yake.

Tazama kinachotokea mlango ukifunguliwa hata kidogo. Milcah Cherotich aliandika hadithi ya msichana wa Turkana anayekataa kuozwa, ikashinda shindano la uandishi. Nyuma ya lile shindano kulikuwa na watu wenye kamera. Mwaka 2024 ikatoka kama filamu, Nawi, ikiwa na waelekezi wanne, wawili wao Wakenya na wawili Wajerumani, na Kenya ikaichagua iende kutuwakilisha kwenye Oscar. Turkana, jamani! Sehemu ambayo watu wa huku wakiitaja wanataja ukame tu. Sidhani kuna anayeweza kuniambia kwamba Cherotich alivumilia kuliko waandishi wote wa Nyeri, Nanyuki na Kerugoya. Alichokuwa nacho ni shindano ambalo zawadi yake ilikuwa filamu, badala ya cheti na soda.

Basi tuwaseme wenye funguo. Watu wengi hawajui kwamba Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti kazi ya utamaduni na burudani ya umma. Humo ndani zimetajwa sinema, maonyesho ya video, maktaba na makumbusho. Katika orodha hiyo hiyo, mstari mmoja tu juu ya sinema, kuna leseni za pombe. Sasa wewe niambie, kati ya hiyo mistari miwili, ni upi ambao serikali zetu za kaunti zimeukariri? Leseni za baa zinafuatwa mlango kwa mlango. Sinema imebaki wino kwenye karatasi.

Sidai mabilioni. Nadai kila kaunti ya mlima, kuanzia Nyeri, Laikipia, Kirinyaga, Meru, itenge kiasi kidogo cha hizo ada za baa kila mwaka kwa shindano moja la skripti. Mshindi alipwe, na filamu yake fupi itengenezwe. Nadai ukumbi mmoja wa umma kila kaunti, wenye turubai na projekta, uonyeshe filamu za hapa kila mwezi kwa kiingilio. Na nadai Bunge liiangalie upya ile Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1962, iliyotungwa kabla bendera yetu haijapandishwa, na ambayo mpaka leo inamtaka mtu anayetengeneza filamu ya kuuza au kuonyesha hadharani aombe leseni kwanza. Mkoloni alikuwa na sababu ya kuogopa kamera mikononi mwetu. Sisi tunaogopa nini?

Kwako wewe mwandishi mwenzangu, unayeandika kwenye simu ndani ya matatu: sikwambii uache. Nakwambia ubadilishe kile unachokivumilia. Usivumilie mikutano isiyo na mkataba. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, haki ya kugeuza hadithi yako kuwa filamu ni yako, na haihami kwa kupeana mikono kwenye mkahawa. Inahama kwa maandishi yenye sahihi yako. Wazo la mdomo halilindwi, lakini ulichokiandika kinalindwa. Kwa hivyo andika, weka tarehe, sajili kazi yako na Bodi ya Hakimiliki, halafu ndipo uende kunywa chai ya watu. Wakikuita huna subira, waambie ngoja ngoja huumiza matumbo.

Kuna sababu nyingine ya haraka yangu, na hii haihusu tumbo langu. Kuanzia 1954, zaidi ya watu milioni moja walitolewa makwao kwa nguvu wakafungiwa kwenye vijiji vya dharura hapa Kati. Aliyekuwa msichana wa miaka 18 Dharura ilipotangazwa Oktoba 1952 sasa amepita miaka 90. Mwaka 2013, baada ya kesi ndefu London, Uingereza ilikubali kuwalipa wazee 5,228 walioteswa. Ushuhuda wao ulitosha kuitikisa serikali ya kigeni. Hapa nyumbani haujatosha kumfanya tajiri mmoja wa Nyeri auze ploti moja agharimie filamu.

Mwanamke aliyenisimulia kuhusu lile handaki alikuwa anakumbuka urefu wake, rangi ya udongo, na jina la mlinzi aliyesimama juu akihesabu majembe. Tulimzika mwaka jana. Kampuni ile bado haijanipigia simu, na mtu akiniambia tena nivumilie, nitamuuliza ni nani basi atakayebaki wa kumwonyesha filamu ikishatoka.